Alikuwa anamwita kila mtu mama

SEHEMU YA 1: Ile picha

Niliahidi kwamba tukimaliza mambo ya manjano kwa watoto wachanga tutahamia kwenye chanjo. Chanjo zitasubiri kidogo. Kuna jambo nimelibeba moyoni muda mrefu, na nililikuta hukohuko kwenye kazi ya chanjo, kwa hiyo naomba unisikilize hadi mwisho. Nitaligawa sehemu sita ili usichoke.

Mlioanza kunifuata zamani mnaikumbuka ile picha ya Juni 2021. Nimevaa sare yangu nyeupe, nimembeba mtoto wa kike wa miaka mitatu, kanikumbatia shingoni, nyuma yetu kuna kamba ndefu ya nepi. Chini yake niliandika kwamba leo nimeitwa mama na mtoto asiye na mama. Mliipenda kuliko andiko lolote nililowahi kuweka hapa. Wengine mlilia. Wengine mlituma hela ya sabuni, Mungu awabariki, na ilifika.

Picha ile nimeifuta. Ngoja nikueleze kwa nini.

Siku ile ndiyo nilikuwa naanza kwenda na kliniki ya mkoba kwenye makao ya watoto yanayoendeshwa na masista, huku kwetu mkoani Njombe. Sitayataja jina. Tunakwenda mara moja kwa mwezi: tunawachanja wadogo, tunawapima uzito wote wa chini ya miaka mitano, na Juni na Desemba tunatoa matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Gari lilipoingia getini tu, yule mtoto (nitamwita Tumaini, si jina lake) akakimbia uwanja mzima, akanishika miguu, akasema, "Mama!"

Jamani, mimi ni mama wa watoto wawili. Moyo uliyeyuka. Nikambeba, dereva akatupiga picha. Kurudi nyumbani nikaiweka hapa.

Kitu nilichokiona siku ileile lakini nikakipuuza ni hiki. Nilipomshusha ili nianze kazi, alimkimbilia dereva. Akamwita baba. Fundi aliyekuja kutengeneza paa akapita, akamkimbilia na yeye. Nikasema moyoni, mtoto mchangamfu huyu, hana ugeni. Muuguzi mzima wa stashahada, nimesoma makuzi ya mtoto chuoni na mtihani nikafaulu, na sikujiuliza swali hata moja.

Desemba tukarudi. Safari hii niliyekaa na rundo la kadi za kliniki nilikuwa mimi. Nikafungua kadi ya Tumaini ili niandike tarehe ya vitamini A. Ukurasa wa mbele, juu kabisa, kulikuwa na maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Mama amefariki." Chini yake BCG na polio ya kuzaliwa, tarehe ya Aprili 2018, na sahihi.

Mwandiko ulikuwa wangu. Sahihi ilikuwa yangu.

SEHEMU YA 2: "Mpaka lini?"

Nilikuwa zamu ya usiku leba. Mama alikuja amechoka, uchungu ulikuwa umeanza kijijini tangu jana yake. Alijifungua salama saa nane usiku, mtoto wa kike wa kilo mbili na gramu mia saba, alilia vizuri. Halafu damu ikaanza kutoka.

Wengi wenu nimeshawaambia hapa, lakini narudia kwa sababu ndiyo inayoua mama zetu kuliko vitu vingi. Damu ikifika nusu lita baada ya kujifungua, hiyo ni hatari, hata kama mama anaongea na kucheka. Tulifanya yote tunayofundishwa: sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, kuukanda, dripu mbili, kumwita daktari. Damu ya kundi lake ilikuwa chupa moja tu. Alfajiri alifariki. Alikuwa na miaka ishirini na moja.

Aliyekuwa nje kwenye benchi ni mama yake mzazi. Nilimpa taarifa mimi. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akavua khanga aliyojifunga begani, akaniuliza kama anaweza kumfunga mtoto kwa khanga ile, kwa kuwa ilikuwa ya mama yake.

Asubuhi nilitakiwa kukabidhi zamu. Mtoto anahitaji maziwa, bibi hana. Kopo moja dogo la maziwa ya mtoto mchanga mjini lilikuwa zaidi ya elfu ishirini, na linaisha ndani ya siku chache. Bibi anaishi kwa kibarua cha kulima mashamba ya viazi ya watu. Baba wa mtoto hakuonekana. Maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto wa chini ya miezi sita. Kwa hiyo nikasema neno ambalo wauguzi wengi tumelisema: "Bibi, mpeleke kwa masista. Kule atakula vizuri, atapona."

Tukamwita afisa ustawi wa jamii, karatasi zikaandikwa, bibi akaweka dole gumba. Kabla ya kuondoka alinigeukia.

"Nesi mwanangu, mpaka lini?"

Nikamjibu, "Mpaka apate nguvu, bibi."

Nikaenda nyumbani nikalala. Ndiyo hivyo. Sikumwambia nani ataamua kwamba sasa mtoto ana nguvu. Sikumwandikia popote namba ya simu ya kituo, wala siku za kumtembelea. Sikurudi kuuliza. Kwangu mimi kesi ilikuwa imefungwa vizuri, mtoto amepata pa kulala na pa kula.

Miaka mitatu na miezi minane baadaye kadi ile ilikuwa mkononi mwangu, na mwenye kadi alikuwa ameshika sketi ya mgeni mwingine.

SEHEMU YA 3: Siku moja pale kituoni

Kabla hujawakasirikia masista, ngoja nikupeleke pale ndani. Baada ya lile la kadi niliomba likizo ya siku nne nikaenda kusaidia. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Kengele inalia saa kumi na moja alfajiri. Njombe alfajiri unaijua wewe uliyezaliwa huku: ukungu umelala mpaka mlangoni, maji yanauma vidole. Wakati huo walikuwa na watoto ishirini na wanne wa chini ya miaka mitatu, na wakubwa kidogo kumi na mmoja. Mchana kuna mama walezi wanne, usiku wawili. Piga hesabu mwenyewe. Watoto sita walikuwa chini ya miezi mitatu, kila mmoja anakunywa mara nane kwa siku. Hivyo ni vikombe arobaini na nane vya maziwa, kila kimoja maji yamechemshwa, unga umepimwa kwa kijiko chake, kikombe kimeoshwa. Ndiyo, kikombe. Masista walishaacha chupa zamani, kwa sababu chuchu ya chupa ni ngumu kusafisha na kuhara kukiingia kwenye chumba kimoja kunapita kitanda hadi kitanda.

Halafu kuna nepi. Za vitambaa, zinafuliwa kwa mkono, na hazikauki haraka. Wana chumba cha moto wa kuni chenye kamba za kuanikia, na mama mlezi mmoja kazi yake asubuhi nzima ni kugeuza nepi kama mtu anayechoma mahindi.

Saa moja sala fupi na wimbo, na hata wale wanaotambaa wanapiga makofi. Uji wa lishe saa mbili. Kuoga wanaoga kwa mstari. Saa nne wanalala. Saa sita ugali, maharage, mboga za bustanini. Jioni sala tena, na Sista mkuu anapita kila kitanda anaweka mkono kwenye kila paji la uso na kutaja jina la mtoto. Majina yote anayajua. Niliona mama mlezi anakesha na mtoto mwenye nimonia akiwa amemkumbatia kifuani hadi asubuhi, na zamu yake ilikuwa imeisha tangu saa mbili usiku. Watu wale wanapenda watoto. Mtu asije akakwambia kitu kingine.

Sasa angalia upande wa mtoto. Nilihesabu kwa siku nne zile mikono iliyomgusa mtoto mmoja wa miezi saba: kumwogesha, kumlisha, kumbadilisha. Watu tisa tofauti. Wote wema. Lakini akilia usiku, anayekuja si yule aliyekuja jana. Mtoto wako wewe akilia, hata kabla hujafika anasikia hatua zako anaanza kunyamaza. Anajua ni wewe. Huyu hana wa kumjua.

Na mtoto asiye na wa kumjua hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anaacha kulia kabisa, analala anaangalia dari, na wageni wanasema ana adabu. Ama anamkimbilia kila mtu na kumwita mama. Sisi tunamwona mchangamfu. Kumbe bado anatafuta.

Hili limechunguzwa. Kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye makao ya watoto jijini Bucharest, Romania. Nusu walipelekwa kuishi na familia, nusu wakaendelea kituoni kama kawaida. Waliokwenda kwenye familia walipata nafuu kiakili na kihisia kuliko waliobaki, na waliokwenda mapema, kabla ya kufika miaka miwili hivi, ndio waliofaidika zaidi. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo inayosema mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka mitatu, alelewe katika familia, na kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa watu wake. Mwaka huohuo Tanzania ikapata Sheria ya Mtoto, nayo inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake.

Nilipomsomea Sista mkuu haya jikoni kwenye simu yangu, nilidhani atakasirika. Alimenya viazi viwili vitatu kimya. Halafu akasema, "Dada, sisi hilo tumeliona kabla ya hao wazungu. Tatizo letu ni moja. Mtoto anakuja na karatasi. Haji na mtu."

SEHEMU YA 4: Maziwa, siyo mapenzi

Mimi nilikuwa nafikiri pale wote ni yatima wa baba na mama. Nawe pengine unafikiri hivyo. Tulikaa na Sista tukafungua mafaili. Kati ya watoto thelathini na watano, wasiokuwa na ndugu yeyote anayejulikana walikuwa wanne. Wanne tu. Wengine wote walikuwa na bibi, shangazi, mama mdogo, baba, au kaka mkubwa. Kilichowaleta pale kilikuwa maziwa. Ndugu walikuwa wanampenda mtoto, ila hawakuweza kununua kopo. Miezi sita ya kwanza ikipita, maziwa yale hayahitajiki tena kwa kiasi kile, lakini wakati huo hakuna anayekumbuka njia ya kurudi.

Masista walikuwa wameshaanza kubadilika taratibu, na hapa ndipo penye mafunzo kwa kijiji chochote.

Kwanza maji. Walivuta maji kutoka kwenye chemchemi ya juu, na bomba moja wakaliweka nje ya uzio, kwa ajili ya kijiji. Akina mama waliokuwa wanatembea bondeni sasa wanachota pale, na wakichota wanaongea na mama walezi. Kituo kikaacha kuwa ngome.

Pili mashine ya kusaga. Kijiji kinasaga pale, hela inayopatikana inanunua maziwa ya kopo, na pumba zinalisha nguruwe na kuku. Tatu chekechea. Watoto wa kijiji wanakuja asubuhi na wa kituo wanasoma nao. Faida yake kubwa sikuitegemea: bibi aliyekuwa na mjukuu wake kituoni alisema angeweza kukaa naye, shida yake ni nani atamwangalia wakati yuko shambani. Kumbe jibu lilikuwa chekechea, na jioni mtoto anarudi kwake.

Nne, na hili ndilo kubwa, mtoto mchanga akiletwa siku hizi anakuja na mtu wake. Shangazi, mama mdogo, au bibi mwenye nguvu. Anakaa pale miezi michache, analala kitanda kimoja na mtoto, anambeba yeye, anamlisha yeye. Anajifunza kuchanganya maziwa, kupima joto, kutambua mtoto anayepumua haraka, kutengeneza ORS kwa lita moja ya maji safi kwa pakiti moja. Akiwa tayari wanaondoka wote wawili, na kila mwezi anapewa maziwa ya kuondoka nayo. Mhudumu wa afya wa kijijini anamtembelea.

Kwa wadogo wapya hilo lilifanya kazi vizuri. Swali likabaki kwa wale wa zamani, waliokuwa wamekaa miaka miwili, mitatu, minne. Sista akaniuliza, "Huyu Tumaini, kwao unapajua?"

Nikasema, "Bibi yake namjua."

SEHEMU YA 5: Bibi

Tulikwenda watatu: Sista, afisa ustawi wa jamii, na mimi. Nilikaa kiti cha nyuma nikiomba tusimkute, nakiri hivyo.

Tulimkuta anapukuchua mahindi. "Kamwene," akatusalimu, tukaitikia. Nikampa shikamoo yangu, akaitikia marahaba bila kunitambua. Nikamwambia mimi ni nani. Alinyamaza, akakung'uta mikono, akaingia ndani. Nilidhani ndiyo tumefukuzwa. Akatoka na ile khanga, imekunjwa vizuri. Sikujua kama ilirudi naye. Kumbe siku ya kumkabidhi mtoto alivishwa nguo za kituo, khanga akarudishiwa mkononi.

Akasema alishawahi kwenda mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa siku ya kutembelea ni Jumapili, na yeye alifika Jumatano. Nauli kwenda na kurudi ni siku nne za kibarua. Mara ya pili alimwona mtoto kwa mbali akicheza, amenenepa, amevaa viatu. Aliona aibu. Akafikiri, nikimchukua nitampa nini? Na dole gumba nilishaweka, si nimeshamtoa?

"Nilikuuliza mpaka lini," akaniambia. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma.

Nikamwomba msamaha, mbele ya Sista na afisa. Akasema, "Ulikuwa umechoka, mwanangu. Ulikuwa umekesha." Hilo nalo sikulistahili.

Sasa usifikiri tulimrudisha mtoto wiki ile kama kwenye filamu. Afisa ustawi alifanya uchunguzi wake kwanza: nyumba, afya ya bibi, majirani, mtendaji wa kijiji. Mama mdogo wa Tumaini, binti wa miaka ishirini na tatu, alikuwa anaishi palepale, akakubali kuwa mlezi pamoja na bibi. Nauli ya kumtembelea ikatolewa na kituo.

Siku ya kwanza bibi alipokuja, Tumaini alimkimbilia akamwita mama. Bibi akalia kwa furaha. Dakika mbili baadaye mtoto akamkimbilia mtu aliyeleta kuni, akamwita baba, na bibi akabaki ameinua mikono. Ilibidi nimweleze kwamba hajakataliwa, ila bado hajatambuliwa. Akaja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Alikuja na mama mdogo, wakalala, wakampikia wao, wakamwogesha wao. Wiki saba. Wiki ya nane, Machi 2022, wakaondoka naye mgongoni, kwa khanga ile.

Nikwambie na machungu yake, kwa sababu hapa hatudanganyani. Mwezi wa kwanza Tumaini alipungua kutoka kilo kumi na tatu na nusu hadi kumi na mbili na gramu mia nane. Alikuwa anaficha ugali chini ya mto. Usiku alikuwa anapiga kelele, majirani wakaanza kusema mtoto ana mapepo. Mama mdogo alinipigia simu saa tano usiku, analia, "Dada, tumrudishe?" Nikashindwa kulala. Nilijua nikikosea mara ya pili mtoto huyu ndiye atakayelipa.

Tukakubaliana mambo madogo tu. Alale katikati ya bibi na mama mdogo. Bakuli la viazi vya kuchemsha liachwe mahali anapoliona usiku na mchana, ajue chakula hakiishi. Anayeondoka amuage kwa jina na kusema atarudi lini, halafu arudi kweli. Na mkono wake ukipimwa kwa utepe usome kijani. Ukisoma njano tunaanza lishe, nyekundu tunamleta hospitali hapohapo. Ulibaki kijani. Mwezi wa nne alikuwa kilo kumi na tatu na gramu mia tisa.

Si wote waliofanikiwa. Mtoto mwingine wa kiume alirudishwa kwa baba, na baada ya miezi miwili mhudumu wa kijiji akamkuta na majeraha mgongoni. Alitolewa siku ileile, na sasa yuko na familia ya malezi ya kambo. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba kila ndugu ni salama, wala kwamba makao yote yafungwe kesho. Wale wanne wasio na mtu, na wanaokimbizwa kipigo, wanahitaji mlango wa kubisha usiku. Ninachosema ni kwamba mlango ule uwe wa kuingilia na wa kutokea.

SEHEMU YA 6: Wewe ufanye nini

Mama mwenzangu, na wewe baba unayesoma kimyakimya, haya ni yako.

Kama una mimba, kwenye maandalizi ya kujifungua ongeza jambo moja ambalo hatupendi kulisema. Baada ya nguo za mtoto, hela ya usafiri na ndugu wawili wa kuchangia damu, kubalianeni: likitokea lolote, mtoto atakaa na nani? Mtaje kwa jina, naye ajue. Kusema si kujiita mkosi. Usiku ule kama pangekuwa na jina moja limeshatajwa, mazungumzo yangu na bibi yangekuwa mengine.

Msiba ukitokea, mtoto mchanga abebwe kifuani ngozi kwa ngozi na ndugu yeyote mzima, hata baba, hata shangazi. Joto halihitaji mama mzazi peke yake. Maziwa ya kopo yapimwe kama kopo linavyosema. Usiyazimue ili yadumu, mtoto atadhoofika wakati tumbo limejaa maji. Kadi ya kliniki isipotee.

Mtoto akilazimika kwenda kituoni, muulize afisa ustawi maswali manne na uandikiwe majibu: mpaka lini, tutamtembelea siku gani, nani ataamua arudi, na namba ya simu ni ipi. Kuweka dole gumba kwenye karatasi ya kumpokea hakumfanyi asiwe mtoto wenu. Kuasili ni jambo jingine kabisa, linapitia Mahakama Kuu.

Ukiona mtoto anaumizwa au ametelekezwa, piga 116. Ni bure.

Ukitaka kusaidia makao ya watoto, na najua mnapenda sana kwenda siku ya kuzaliwa ya mtoto wako na keki na mashati yanayofanana, piga simu kwanza uulize wanahitaji nini. Mara nyingi ni maziwa, sabuni, hela ya kuni, nauli za ndugu. Usiende kubeba watoto nusu siku halafu ukaondoka. Wewe unakwenda nyumbani umefarijika, yeye ameachwa tena. Na kamera iache kwenye mkoba. Mtoto yule hawezi kukukatalia, na picha haizeeki kama yeye. Mimi nimejifunza hilo kwa kuchelewa, na Tumaini ni mmoja wa ninaowaomba radhi.

Kama Mungu amekujalia nafasi nyumbani, fika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako uulize malezi ya kambo.

Nimalizie. Novemba mwaka huohuo tulikuwa na kliniki ya mkoba kijijini kwao Tumaini, chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji. Alikuja na bibi. Alikuwa anakimbizana na wenzake, akajikwaa kwenye mzizi, akaanguka hatua tatu kutoka kwenye meza yangu. Goti likachubuka. Mimi nikanyanyuka, mikono tayari iko mbele, sare nyeupe ileile.

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu usiyemjua. Akanizunguka. Akapita meza, akapita mstari mzima wa akina mama, anakwenda huku analia kwa sauti, mpaka kwa bibi yake mwisho wa benchi. Akapanda mapajani akanyamaza.

Nilikaa, nikachukua kadi iliyofuata.

Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo, ratiba ya kuzaliwa hadi miezi kumi na nane. Tafuta kadi ya mwanao uwe nayo karibu. Na kama wewe ni bibi, shangazi au mama mdogo uliyebaki na mtoto wa marehemu, niandikie unamlishaje na umefika naye wapi. Nitasoma zote, na safari hii nitarudi kuuliza.